Tulikuwa Tunasubiri Yajae

Kuchota maji ni kazi ya dakika mbili. Iliyotumaliza ni kusubiri.

Tulikuwa tunashuka korongoni saa nane za usiku, tukiwa na ndoo na ngata. Ungekuta wenzako wamekwisha kupanga ndoo zao mchangani, na aliyetangulia yuko ndani ya shimo linalomfika mabegani, ameinama na kikombe cha bati. Anachota vikombe vinne, vitano, shimo linakauka. Anatoka, anakaa. Sisi wengine tumekaa tangu mwanzo. Chini kule mchanga unatoa maji kwa hiari yake, na hakuna mtu aliyewahi kuuharakisha. "Tusubiri yajae," mmoja anasema, na mwingine analirudia neno hilohilo baada ya muda, mpaka kunapambazuka. Ndoo moja ya lita 20 ingeweza kula saa mbili. Kisha unaitwika, unapanda ukingo wa korongo, na njia ya kurudi ni saa moja na nusu kwa mtu mzima asiyepumzika.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na Aprili imekwisha, na mwaka mwingine inaanza kwa kuchelewa na kuondoka kwa kuwahi. Aliyesoma historia anaijua Kongwa kwa karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta yao kufungua mashamba makubwa ya karanga, udongo ukawa mgumu, mvua ikawakimbia, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo. Alikuwa akituambia wale watu walikuja na kila kitu, ila hawakumuuliza mwenyeji mvua inarudi lini.

Mimi nilizaliwa mwaka 1979. Wazazi wangu walikuwa wamehamishiwa pale tulipo katika Operesheni Dodoma, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, mwanzoni mwa miaka ya 70, na mojawapo ya mambo waliyoambiwa ni kwamba wakikaa pamoja itakuwa rahisi kuletewa huduma, maji yakiwemo. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 ambao ulilenga kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji awe na maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Sisemi hili kwa kebehi. Katikati hapo nchi ilipigana vita vya Kagera, mafuta yakapanda bei, uchumi ukayumba. Lakini mwaka 1991 nilikuwa na miaka 12, niko darasa la tano, na usiku nalala mchangani na ndoo yangu kichwani mwa foleni kama ni siku ya bahati. Darasani nilikuwa nasinzia. Mwalimu alikuwa akinipiga kwa kusinzia, na yeye mwenyewe maji aliyonawia asubuhi ile yalikuwa yametoka kwenye zamu ya sisi wanafunzi wake.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kibanio kidogo cha chuma, kimefungwa kwenye kamba, anakivaa shingoni kama watu wengine wanavyovaa ufunguo. Kilikuwa cha kung'olea kope. Trakoma, ambayo sisi tunaiita vikope, humfanya mtu aumwe macho tena na tena tangu utotoni, hadi ngozi ya ndani ya kope inapata makovu na kujikunja, na nywele za kope zinageukia ndani na kukwaruza mboni. Wilaya yetu inajulikana kwa madaktari wa macho kwa ugonjwa huo kuliko inavyojulikana kwa jambo jingine lolote la heri. Jioni bibi alikuwa ananikalisha mbele yake, ananikabidhi kibanio, anainua uso: "Tafuta, mjukuu wangu, mimi siioni tena, ila naisikia inavyochoma." Nikawa naing'oa moja moja. Baada ya wiki chache zimeota tena.

Watafiti na wauguzi walikuja kwa miaka mingi kufundisha watu kuwanawisha watoto nyuso, maana inzi hutua kwenye uso wenye tongotongo na kuhamishia wadudu kwenye uso wa pili. Walionyesha kuwa maji kidogo tu yanatosha nyuso nyingi. Nakumbuka mama alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Walipoondoka akasema, "Hicho kikombe wanachokisema ndicho cha uji." Nyumba ilikuwa na watu saba na ndoo moja au mbili kwa siku. Kwanza kupika, halafu kunywa, halafu vyombo, na maji ya vyombo yanapewa mbuzi. Uso wa mtoto ulikuwa haupo hata kwenye hesabu. Mtu asiyewahi kugawa ndoo moja kwa watu saba atafikiri mama hakuelewa somo. Alielewa sana.

Mwaka 1996 tulipata pampu ya mkono. Wafadhili walichimba kisima chini kidogo ya kijiji, wakafunga pampu ya aina ya Afridev, ile iliyobuniwa makusudi kwa vijiji ili mtu aweze kuifungua na kuifunga kwa spana moja tu. Ngoma zilipigwa, mbuzi wakachinjwa, akina mama wakalia. Kijana mmoja akafundishwa ufundi kwa siku kadhaa, akakabidhiwa spana.

Pampu ilifanya kazi miaka mitatu. Kisha mpini ukawa unashuka mtupu, maji hayapandi. Ndani ya silinda kuna mpira mdogo ambao huchakaa kwa kazi, kama kandambili inavyochakaa, na unapaswa kubadilishwa. Bei yake haikufika ya kuku. Ila wakati huo fundi wetu alikuwa ameoa Morogoro na kuhamia huko, na spana ilikuwa imehama naye, nadhani ndani ya begi pamoja na nguo zake. Hakuiba, kwa sababu hakuna aliyemwambia aiache. Hapakuwa na daftari, mfuko wala mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza spana iko wapi. Tulisema tutamwandikia. Tulisema wafadhili watarudi. Mwaka ukaisha, watoto wakawa wanauning'inia mpini kama bembea, na baadaye jirani yetu mmoja akawa anafungia mbuzi wake pale. Sisi wanawake tulikuwa tunaipita ile pampu alfajiri na ndoo zetu tukielekea korongoni, na mtu akiitaja tunacheka kile kicheko cha aibu.

Nimeona watu wakiandika kwamba maji yalifika kijiji fulani, na picha ya mtoto anayecheka chini ya bomba. Mimi naiamini ile picha. Siku yetu ya 1996 ilikuwa hivyohivyo. Ninachotaka kujua ni picha ya mwaka wa nne.

Nilijifungua mtoto wangu wa kwanza mwaka 2003, kwenye zahanati. Masharti ya kwenda kujifungua yalikuwa kubeba kanga, wembe mpya, glavu, na maji yako. Mama mkwe alitangulia na dumu moja kichwani, wifi yangu na jingine, mimi nikifuata nyuma nikishikilia kiuno. Niliingia leba nikiwa nahesabu. Dumu moja la kunisafisha mimi na mtoto, nusu ya kufua, iliyobaki ya uji. Usiku ule aliletwa mwanamke mwingine ambaye uchungu ulimshika shambani, hakuja na chochote. Mama mkwe alinitazama, nikaitikia kwa kichwa, akammiminia nusu ya dumu letu. Muuguzi alinawa mikono kwa maji yaliyokuwa yakimiminwa na kikombe, kidogokidogo, na akayapokea yale yaliyodondoka kwenye beseni ili apigie deki. Sijawahi kumlaumu mtu yeyote wa zahanati ile. Walikuwa wakizalisha akina mama mahali pasipo na bomba.

Kisima kirefu kilikuja mwaka 2014, chenye mashine ya dizeli, tangi juu ya mnara na vituo vinne vya kuchotea. Mtambo wa kuchimba ulikaa siku tatu, tukauzunguka mchana kutwa kana kwamba ni harusi.

Maji yalikuwa na chumvi. Si ya kushindwa kunywa, lakini ulimi uliozoea mchanga wa korongo uliyakataa. Sabuni haikutoa povu, na maharage yalikuwa yakichemka tangu asubuhi mpaka adhuhuri bado ni kokoto. Wazee wawili watatu waliapa kwamba watakufa na korongo lao, na mmoja aliendelea kumtuma mjukuu wake huko kwa miezi. Wapimaji walikuja wakachukua sampuli, wakarudi na majibu kwamba yanafaa. Tukazoea. Mpaka leo kuna nyumba zinazokinga maji ya mvua ya bati kwa ajili ya maharage na chai tu.

Ugomvi mkubwa ulikuja kwenye bei. Ndoo ya lita 20 ilipangiwa shilingi 50. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja alisimama akasema Mungu hajawahi kuuza mvua. Watu wakapiga makofi. Mwendesha mashine, mtu wa maneno machache, akajibu kutoka nyuma: "Mvua haitumii dizeli, mzee." Walicheka, lakini hawakulipa vizuri. Wengine walikuwa wanapitia nyuma kwa mtunza kituo ambaye ni shemeji yao. Na zile zilizolipwa zilikaa kwenye sanduku nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye alipofiwa alizikopa kwa mazishi, kisha akazikopa tena kwa jambo jingine. Mwaka 2016, mwezi wa tisa, ukame umekolea, dizeli ikaisha na sanduku lilikuwa na shilingi elfu nne.

Wiki tano. Tulirudi korongoni wiki tano. Kilichonitisha si umbali, maana miguu yangu ilikuwa bado inaijua njia hata gizani. Mashimo yalikuwa yamefukiwa na mafuriko ya misimu miwili, na wasichana waliokua katika miaka ile hawakujua pa kuchimba. Nilichimba nikiwa na shangazi yangu, yeye anaelekeza kwa fimbo, mimi na jembe. Ukuta wa mchanga ukaporomoka, nikafukiwa mpaka kiunoni. Walinivuta kwa kanga. Nilipofika nyumbani na nusu ndoo, mume wangu akasema basi, inatosha, nenda kwenye mkutano ukagombee.

Ndivyo nilivyokuwa mweka hazina. Sina elimu ya uhasibu, nina darasa la saba na mkono mgumu. Tulianza na daftari moja ambalo kila mtu aliruhusiwa kulifungua. Kila jioni mtunza kituo anasoma mita mbele ya mtu mwingine, tunazidisha, pesa zisipolingana anaeleza. Pesa hazilali kwangu zaidi ya siku saba, zinapelekwa benki mjini Kongwa, na fomu ya kutolea ina saini tatu za watu wasio ndugu. Hiyo ya undugu ilituchukua vikao viwili, kwani kwetu kumpata mtu asiye ndugu yako si jambo jepesi. Mwaka 2019 ilipopitishwa sheria mpya ya huduma za maji na kuanzishwa wakala wa maji vijijini, RUWASA, kamati yetu ikawa chombo rasmi kilichosajiliwa, na mwaka uliofuata tukafungiwa paneli za sola. Dizeli ikaondoka kwenye maisha yangu. Siwezi kueleza furaha hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kuota bei ya dizeli.

Na spana tunazo. Ziko mbili, moja kwa fundi, moja imetundikwa ukutani ofisi ya kijiji, na nambari yake imeandikwa daftarini. Wageni wakija huuliza kwa nini tumetundika spana kama picha ya Rais.

Watu huniuliza maji yalibadilisha nini, nao wanasubiri niseme kuhara au shule. Jibu langu la kwanza ni usingizi. Wanawake wa kijiji chetu hawakuwa wanalala. Miezi sita ya kiangazi kila mwaka walikuwa watu wa kusinzia, wakali, wenye vichwa vinavyouma, na tulidhani hiyo ndiyo tabia ya wanawake watu wazima. Mama yangu, ambaye nilikua nikimwogopa, alianza kucheka akiwa na miaka 60. Nilidhani ni uzee umemlainisha. Shangazi akaniambia, "Mama yako alikuwa hivi alipokuwa msichana."

Yaliyofuata yalikuja kwa upole, mengine bila kutangazwa. Wanaume wakaanza kuchota. Maji yalipokuwa korongoni ilikuwa kazi ya wanawake, bomba lilipofika karibu na senta ghafla si aibu kumwona baba mtu anasukuma toroli la madumu sita. Mabinti wakaacha kukosa shule siku zao, tangu bomba lilipovutwa hadi kwenye vyoo vya shule. Nyumba za tofali za kuchoma zikaongezeka, maana tofali ni maji kabla ya kuwa moto. Mifugo ilitupa shida, kwani ng'ombe mmoja anakunywa zaidi ya nyumba nzima ya watu, na ilibidi kujenga mbauti, yaani birika la kunyweshea mifugo, ya pekee chini kabisa, mbali na vituo, baada ya fimbo kutembea mara mbili. Vijana waliokuwa wakiuza maji kwa baiskeli walipoteza kazi, na wawili hawakutusamehe kwa muda mrefu. Mmoja sasa analima mchicha na nyanya kwa maji yanayomwagika mbautini. Kope za bibi sikuwahi kuona zikipona, alifariki 2005. Lakini wajukuu zangu wana nyuso safi saa mbili asubuhi, na mimi huzitazama nyuso hizo muda mrefu kuliko wanavyopenda.

Kuna tulichopoteza pia. Korongoni ndiko tulikokuwa tunaambiana kila kitu. Nani anapigwa, nani ana mimba, dawa ya mtoto asiyenyonya. Bombani unajaza dakika mbili, unaondoka. Nilikaa muda nikijiuliza kwa nini sijui tena habari za wenzangu.

Somo la mwisho lilinipata nyumbani kwangu, mimi mwenyewe mweka hazina wa maji safi. Mtoto wangu wa mwisho alihara siku nne hadi macho yakaingia ndani. Nilikuwa nikibisha kwamba haiwezi kuwa maji, maji yetu yamepimwa. Muuguzi alikuja nyumbani, hakubishana nami. Aliomba maji ya kunywa. Binti yangu akafunua ndoo, akatumbukiza kikombe, na vidole vyake vitatu vikaingia pamoja nacho. Muuguzi akakishika kile kikombe, akanitazama, hakunywa. Maji yalikuwa safi bombani. Yalikuwa safi njiani kama ndoo ina kifuniko. Yalichafukia jikoni kwangu. Nilinunua ndoo yenye koki wiki hiyohiyo, na kwenye mkutano uliofuata nilisimama nikasimulia habari hii na jina langu likiwemo, kwa sababu ningesema ni nyumba ya mtu mwingine wangeanza kuitafuta.

Mwezi wa kumi mwaka jana tulikwenda msibani, kijiji cha mume wa dada yangu, mbali kidogo na barabara. Huko mradi bado haujafika. Wafiwa wana wageni wengi, kwa hiyo wanawake tuligawana ndoo usiku kushuka korongoni, na binti yangu, mwenye miaka 15, akaja nami. Walimpa ngata. Akaishika mkononi akiigeuzageuza. Alipojitwika ndoo ya majaribio, hatua tatu tu, ilimlowanisha mpaka viatuni, na bibi mmoja akasema kwa sauti, "Huyu katoka wapi?" Walicheka sana. Nami nilicheka, halafu koo likakauka.

Korongoni kulikuwa na ndoo kumi na tisa mbele yetu. Tukakaa mchangani. Alikuwa ameleta simu, lakini mtandao haukuwepo, akaizima. Mwanamke aliyekuwa shimoni akatoka, akajifuta mikono, akakaa. Hakuna aliyesema kitu. Binti yangu akangoja kidogo, akatazama kushoto na kulia, kisha akaniinamia sikioni.

"Mama, mbona hakuna anayechota?"

"Tunasubiri yajae."

Akafikiri. "Yanajaa saa ngapi?"

Bibi yule wa mwanzo alisikia. Akasogea, akampa nafasi kwenye kanga yake, akamfunika miguu.

"Lala, mjukuu wangu," akamwambia. "Zamu yenu ikifika nitakuamsha."